Mama Si Kondo

Mwanzoni mwa mwaka 2025, habari zilipotufikia kwamba serikali ya Marekani imesimamisha misaada yake kwa nchi za nje, mkutano wa akina mama wa parishi yetu uligeuka kuwa baraza la mabishano. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amekuja kuzungumzia habari za mavuno, alisema, "Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Fedha ni zao. Wakitoa tushukuru, wakikata tunyamaze." Wengi waliitikia kwa vichwa. Ndipo akasimama bibi mmoja, mkunga mstaafu, akasema kwa upole: "Mzee wetu, kwa heshima yako. Mimi nilipokuwa kazini nilikuwa nikiyapima makondo ya wenzangu na kuwakatia wataalamu vipande vya kupeleka maabara. Siku zile hakuna aliyesema kwamba sisi ndio tunaowasaidia wao. Leo naambiwa sisi ni waombaji tu. Je, hesabu hiyo ni sawa?"

Hakuna aliyemjibu, na mkutano ukaendelea na mambo ya mavuno. Lakini maneno yake yametukaa moyoni, na katika toleo hili twapenda kujaribu kumjibu.

Swali lake, tukiliweka wazi, ni hili. Serikali inapotumia kodi za raia wake kuchunguza kondo la uzazi, na kuwatibu akina mama wenye virusi vya UKIMWI pamoja na watoto wao wachanga, je, inatoa sadaka au inalipa deni? Wala swali hili si la maneno matupu. Sadaka mtoaji huweza kuiacha akichoka, wala hakuna wa kumshtaki. Deni halifutiki kwa sababu mdaiwa amechoka.

Kazi ya kondo

Kwanza tuelewane juu ya kondo lenyewe, maana wanaume wengi hawajapata kuliona, na hata akina mama walio wengi hulitoa bila kulitazama. Wengi hudhani ni sehemu ya mwili wa mama. Sivyo. Kwa sehemu kubwa kondo ni mwili wa mtoto: huchipuka kutoka yai lile lile lililomfanya mtoto, kisha hujishikiza katika ukuta wa tumbo la uzazi. Mtoto anapozaliwa, kondo lake huwa na uzito wa nusu kilo hivi. Kwa muda wote wa mimba limekuwa mapafu yake, figo zake na utumbo wake. Damu ya mama na damu ya mtoto hupita huku na huku ya ngozi nyembamba, karibu sana, wala hazichanganyiki. Hewa safi na chakula huvuka kwenda kwa mtoto. Uchafu huvuka kurudi kwa mama, naye huutoa kwa mwili wake mwenyewe. Kinga ambayo mama ameipata kwa kuugua na kupona kwa miaka mingi, nayo huvuka, ili mtoto azaliwe na akiba.

Lakini liko jambo la ajabu zaidi. Mama mwenye virusi vya UKIMWI huwa navyo katika damu yake, na damu hiyo hulizunguka kondo usiku na mchana. Hata hivyo mara nyingi mtoto hubaki salama. Pasipo dawa yoyote, katika watoto 100 wa akina mama hao, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Na wengi wa hao huambukizwa wakati wa uchungu na kuzaliwa, au baadaye kwa maziwa, wala si walipokuwa tumboni. Maana yake ni kwamba, kabla daktari yeyote hajavumbua kidonge, kondo lilikuwa limekwisha kuwakinga watoto walio wengi. Namna linavyofanya kazi hiyo, wataalamu wanaichunguza hadi leo.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba kitu hiki si takataka. Katika makabila mengi kondo lilizikwa kwa heshima, karibu na nyumba au chini ya mgomba. Hata leo mtu akitaka kusema kwamba yeye ni mwenyeji wa mahali, husema kitovu chake kimezikwa pale. Siku hizi katika zahanati zetu liko shimo la kondo nyuma ya jengo, nalo hutupwa humo na kusahauliwa.

Kwa muda mrefu wataalamu nao walilisahau. Faida ya kulikumbuka ilionekana hapa hapa kwetu. Tangu zamani wakunga walijua kwamba mwanamke aliyekulia katika nchi ya malaria, ambaye mwili wake umekwisha kuizoea, hushikwa nayo upya apatapo mimba ya kwanza. Na mimba za baadaye humsumbua kidogo zaidi. Kwa nini? Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa Kenya chini ya mpango wa serikali ya Marekani, walionyesha kwamba vimelea vya malaria vilivyotolewa katika makondo ya akina mama vina tabia yao ya pekee: hunasa kwenye kitu kilichomo katika kondo. Mwanamke asiyepata kubeba mimba hana kondo, kwa hiyo mwili wake haujapata kupigana na vimelea vya namna hiyo. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 2000, uchunguzi huo uliendelea katika Hospitali Teule ya Muheza, hospitali ya Dayosisi yetu ya Tanga, ambako akina mama walikubali makondo yao yachunguzwe na watoto wao wafuatiliwe. Imejulikana pia kwamba virusi vya UKIMWI huiharibu ile kinga ambayo mama huipata kwa mimba ya kwanza, hata katika mimba ya pili na ya tatu anakuwa kama mgeni tena mbele ya malaria. Kwa hiyo mambo haya mawili, kondo na UKIMWI, hayakutani katika hotuba za bajeti tu. Hukutana katika mwili wa mama mmoja.

Mwaka 2014 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya watoto, chini ya mkurugenzi wake Alan Guttmacher, ilianzisha mpango mkubwa wa kuchunguza kondo. Guttmacher alisema kuwa hiki ndicho kiungo cha mwili wa binadamu kinachojulikana kidogo kuliko vyote. Mwaka uliofuata zilitengwa zaidi ya dola milioni 40. Shabaha ilikuwa kulitazama kondo likiwa kazini, mimba ingali changa, badala ya kulichunguza baada ya kutoka, wakati ambapo madhara yamekwisha kutokea.

Dawa ilipatikanaje

Sasa tuje kwenye dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika uchunguzi Marekani na Ufaransa, kwa fedha za serikali za nchi hizo. Nusu ya akina mama wajawazito wenye virusi walipewa dawa ya zidovudini, ambayo wengi huijua kwa jina la AZT, na nusu wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa, bila wao wala waganga wao kujua nani amepewa nini. Mwezi Februari 1994, hesabu za watoto 363 zilipofanywa, ilionekana kwamba upande wa dawa watoto 13 walikuwa wameambukizwa, na upande wa vidonge vitupu watoto 40. Kazi ikasimamishwa mara moja, ili akina mama wote wapewe dawa.

Twaomba msomaji asizipite haraka hesabu hizo. Mama mmoja mmoja kati ya wale wa upande wa pili aliingia katika jambo lile akijua kwamba huenda kidonge chake ni kitupu. Watoto 40 waliambukizwa, na kwa sababu yao dunia nzima ilijua dawa inafanya kazi. Hao walikuwa watoto wa Kimarekani na wa Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa Tanga au wa Kisumu aliyekingwa miaka ya baadaye, anawiwa na mama asiyemjua, wa ng'ambo ya bahari. Hilo nalo liwekwe katika hesabu ya bibi yetu, ili hesabu iwe ya haki.

Lakini dawa ile ilikuwa na gharama ya dola 800 hivi kwa kila mama, pamoja na kutundikiwa dripu wakati wa uchungu na kumnywesha mtoto dawa kwa wiki sita. Nchi zetu hazikuweza. Ndipo ikatafutwa njia ya bei nafuu, na ili ipatikane walihitajika akina mama wa Afrika. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwishoni mwa 1997 hadi 1999, waganga wa Makerere pamoja na wa Johns Hopkins, kwa fedha za serikali ya Marekani, waliwaandikisha akina mama zaidi ya 600. Mama alipewa kidonge kimoja tu cha nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto matone machache kabla ya kutimiza siku tatu. Watoto walipofika wiki 14 hadi 16, katika kila 100 waliokuwa wameambukizwa walikuwa 13. Kwa wale waliopewa AZT ya muda mfupi walikuwa 25. Gharama ya nevirapini ilikuwa dola 4 hivi.

Dar es Salaam nako, tangu mwaka 1995, wajawazito 1,075 wenye virusi waliingia katika uchunguzi wa vitamini, nao pia ulipata fedha za serikali ya Marekani. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba vitamini za namna ya B, C na E zilipunguza vifo vya watoto tumboni kwa karibu sehemu mbili katika tano, na kupunguza pia watoto waliozaliwa wepesi mno. Vitamini A haikuleta faida hiyo. Na baadaye ilionekana kwamba iliongeza maambukizi kwa mtoto. Kwa hiyo wako akina mama wa Dar es Salaam ambao kwa miili yao walituonyesha njia ya kufuata, na wako waliotuonyesha njia ya kuepuka. Wote walitufundisha.

Kazi hizi hazikupita bila ugomvi. Mwaka 1997 Peter Lurie na Sidney Wolfe, waganga wa Marekani, waliandika kwa ukali kwamba ni dhuluma kuwapa vidonge vitupu akina mama wa nchi maskini, hali dawa inajulikana, na hali jambo hilo lisingekubaliwa tena kwa mama wa Marekani. Wengine wakajibu kwamba katika nchi isiyo na dawa yoyote, hakuna njia nyingine ya kujua upesi kama njia ya bei nafuu inafaa. Naye Edward Mbidde, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Uganda ya utafiti wa UKIMWI, aliwajibu kwa uchungu kwamba Waganda si vyombo vya Wamarekani. Utafiti ule ni wa Waganda wenyewe kwa faida ya watu wao. Kule Kampala kundi la vidonge vitupu liliondolewa mwezi Februari 1998, baada ya majibu ya Thailand kuonyesha kwamba AZT ya muda mfupi hufaa.

Nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilishika kipande cha ukweli. Lurie na Wolfe walikuwa na haki kusema kwamba umaskini wa mama si ruhusa ya kumshusha thamani. Mbidde alikuwa na haki kusema kwamba kumlinda mtu bila kumwuliza nako ni kumshusha thamani. Lakini pande zote zilibishana zaidi juu ya siku za uchunguzi, na kidogo juu ya siku zitakazofuata. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa dunia, katika tamko lake la Helsinki lililorekebishwa, kilisema kwamba uchunguzi ukiisha, walioshiriki wahakikishiwe njia bora iliyothibitishwa na uchunguzi huo. Hapo ndipo neno la deni lilipoandikwa waziwazi.

Na mama je?

Sasa tunafika mahali panapotuuma zaidi. Kile kidonge kimoja cha Kampala kilimkinga mtoto. Mama hakikumtibu. Kilipita katika mwili wake kama maji yapitavyo katika mfereji, kikamfikia mtoto, na mama akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Tena mara nyingi kilimwachia virusi vilivyokwisha kuizoea nevirapini, hata ilipofika zamu yake ya kutibiwa, dawa ikawa dhaifu. Kwa miaka kadhaa nchi zetu zilikuwa na mtoto mzima mikononi mwa mama anayekufa. Na sote twajua maisha ya mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake huwaje.

Mwaka 1985, kabla ya dawa hizi zote, Allan Rosenfield na Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia walikwisha kuuliza: katika hii inayoitwa afya ya mama na mtoto, mama yuko wapi? Waliona kwamba kliniki zilijengwa, mizani zikanunuliwa, watoto wakachanjwa, na mama akaendelea kufa katika uzazi. Swali lao lilirudi kwa nguvu katika habari ya UKIMWI.

Ndiyo maana tumeiita makala hii kama tulivyoiita. Kondo hufanya kazi yake, hutoka, huzikwa. Hivyo ndivyo lilivyoumbwa, wala hatulionei huruma. Mama si kondo. Hakuumbwa ili mtoto apite, au ili elimu ipite, kisha yeye atupwe shimoni. Mpango wowote unaomtibu mama kwa ajili ya mtoto tu umemfanya kuwa kondo. Uchunguzi unaochukua damu yake, kisha ukamsahau majibu yakipatikana, nao umemfanya kuwa kondo.

Njia bora ilipopatikana haikutoka katika nchi tajiri. Mwaka 2011 Malawi, nchi maskini kuliko nyingi, iliamua kwamba kila mama mjamzito au anayenyonyesha mwenye virusi aanzishiwe dawa kamili, naye asiache maisha yake yote. Tanzania ikaufuata mpango huo mwaka 2013. Kwa njia hii mama hubaki na afya, humnyonyesha mtoto wake kama wengine, na hatari ya kumwambukiza hushuka chini ya watoto 5 katika 100. Dawa zikianza mapema na kunywewa vizuri huwa ndogo kuliko hapo. Tazameni jinsi haki na faida zilivyokutana: mama alipotibiwa kwa ajili yake mwenyewe, ndipo na mtoto alipokingwa vizuri zaidi.

Hoja za wanaopinga

Wako watu wenye nia njema wanaosema, kila serikali na iwatazame watu wake kwanza. Mwenye kodi huko Marekani naye ana mgonjwa nyumbani. Hoja hii si ya kudharau, nasi hatupendi kuwasema vibaya watu waliotoa kwa wingi. Mpango wa UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003 uliahidi dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na uliendelezwa baada ya hapo. Kufikia mwaka 2022 serikali ya Marekani ilihesabu kwamba watoto milioni 5.5 wa akina mama wenye virusi walikuwa wamezaliwa salama kwa msaada huo. Tusiposhukuru kwa hilo tutakuwa watu wa ajabu.

Lakini kushukuru si kukubali kila namna ya kuacha. Amri ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha misaada kwa siku 90 ili ichunguzwe. Baada ya siku chache ilitolewa ruhusa kwa dawa za kuokoa maisha, pamoja na zile za kuwakinga watoto. Lakini wakati huo wahudumu wengi walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani. Mwezi Mei taasisi za afya za Marekani zikatangaza kusimamisha utaratibu wa zamani wa kuwapitishia washirika wa nchi za nje fedha za utafiti. Tarehe 1 Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, likafungwa. Sasa na tuulize: siku 90 ni kitu gani kwa mhasibu? Ni robo ya mwaka. Kwa mama mjamzito ni theluthi ya mimba. Mimba haisimamishwi ili hesabu zikaguliwe. Na katika watoto walioambukizwa wasiotibiwa, nusu hivi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtu ana haki ya kubadili matumizi ya fedha zake; hana haki ya kumwachia njiani mtu aliyemshika mkono, tena aliyejifunza kwa mwili wake.

Wako wengine wanaosema, ya nini kutumia mamilioni kuchunguza kondo, hali wodi ya wazazi haina glavu? Nasi tumewahi kusema hivyo. Lakini tukitazama nyuma twaona kwamba dola 4 za Kampala zisingepatikana bila dola nyingi za uchunguzi. Elimu ndiyo iliyoishusha bei. Asiyechunguza hulipa sana, tena hulipa kila mwaka. Glavu na maabara si maadui. Adui ni yule anayekata vyote viwili.

Na wako wanaosema kama mzee wetu, kwamba kutegemea cha ndugu ni kufa maskini. Hapa twamkubalia, ila kwa maana iliyo tofauti na yake. Methali haikusema ndugu hana wajibu. Ilimwonya anayetegemea.

Deni lililo mlangoni petu

Kwa hiyo tusimalizie kwa kunyosha kidole ng'ambo. Mwezi Aprili 2001, kule Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ni nchi chache zilizopata kulifikia lengo hilo. Mwaka 2001 akina mama na wenzao wa Afrika Kusini walilazimika kuishtaki serikali yao wenyewe. Na mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru nevirapini itolewe katika hospitali za umma, wala isizuiliwe tena. Serikali ile haikuwa ya kigeni. Ilichaguliwa na watu wale wale.

Kwetu Tanzania, bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuja na tozo ndogo ndogo, katika vitu kama mafuta ya magari na vileo, kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI na bima ya afya. Tumesikia watu wakinung'unika kituoni. Haki ya kunung'unika wanayo, na haki ya kuuliza fedha zinafika wapi wanayo zaidi. Lakini mtu asinung'unike kwamba zinakwenda kwa "wale". Dawa za mwaka mzima za mtu mmoja hupatikana siku hizi kwa chini ya dola 50. Kama taifa zima haliwezi kumnunulia mama dawa hizo, basi lisiseme kwamba linawapenda watoto.

Na lipo deni ambalo serikali haiwezi kutulipia. Mama huvuka kata mbili kwenda kuchukua dawa asikojulikana, kwa kuogopa macho yetu. Mume hukataa kwenda naye kupima, na majibu yakitoka humwuliza, "Umeyatoa wapi?" Mama mkwe huona kidonge akaanza maneno. Mtoto huletwa kubatizwa, na watu hunong'ona juu ya wembamba wake. Dawa zikiwa tele kabatini, na mama anaogopa kuzifuata, mtoto hukosa kinga vile vile kama zingekuwa zimekatwa.

Sote twaijua habari ya Msamaria. Aghalabu tunamhubiri Msamaria mwenyewe na kumsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alilipa, akaondoka na safari yake. Aliyebaki na majeruhi, akambadilishia nguo na kumwamkia usiku, ni mwenye nyumba. Wafadhili ni wasafiri. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Sisi ndio wenye nyumba, na majeruhi ni wetu.

Basi, bibi yetu, jibu letu ni hili. Hesabu uliyoambiwa si sawa. Wewe na wale uliowapima makondo mlitoa, na mlichotoa kimewafikia watoto wa mataifa mengi, kama vile akina mama wa mbali walivyotoa kikatufikia sisi. Kati ya watu wa namna hiyo hakuna tajiri na mwombaji, wako wanaowiana. Fedha za serikali, ya kwao au ya kwetu, ziitwazo msaada, kwa sehemu yake ni malipo ya deni, na deni hilo halijaisha maadamu watoto 120,000 hivi waliambukizwa duniani katika mwaka 2023, miaka karibu 30 tangu njia ya kuwakinga ijulikane.

Naye mzee wetu twamwomba radhi kwa kumpinga hadharani, na twamwomba jambo moja. Jumapili ijayo, akimwona mama kijana ameketi peke yake nyuma ya kanisa na mtoto mgongoni, asimpite. Amsogelee, amsalimu, ampakate na mtoto. Kulipa deni huanzia hapo.